Wasomaji wanauliza: Chupa mbili za kiwanda kimoja, mbona zimepishana?

Assalamu alaykum. Nipo baa ya hoteli Paje. Bosi kaleta chupa mbili za Caol Ila, wiski ya Uskoti: moja ya kiwanda chenyewe, ya miaka 12, pombe asilimia 43, nyingine imetiwa chupani na kampuni ya Signatory, asilimia 58. Wageni wananiuliza tofauti, nami pombe situmii. Nifanyeje?

Waalaykumu salaam. Pua itakufikisha mbali. Hata mabingwa wa kuchanganya wiski huko Uskoti hunusa kuliko wanavyoonja.

Zote mbili zimepikwa kisiwani Islay, kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moshi wa mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza, uliokaushwa ukawa kuni. Kiwanda huchanganya mapipa mengi ili chupa ya leo ifanane na ya mwaka jana, kisha hupunguza makali kwa maji. Signatory, iliyoanza mwaka 1988, hununua mapipa ya viwanda vya wengine, na mara nyingi hutia chupani pipa moja peke yake. Kwa hiyo mgeni akiuliza, anza na pipa. Soma lebo: mwaka wa kupikwa, mwaka wa kutiwa chupani, nambari na aina ya pipa. Pipa lililotoka kwenye bourbon, wiski ya Marekani, la lita 200 hivi, hutoa vanila na nazi. La sherry, mvinyo ulioongezwa makali wa Uhispania, hutoa zabibu kavu na tende. Pipa lililokwisha kutumika mara kadhaa huchangia kidogo, na hapo moshi hubaki uchi.

Usinuse 58 kando ya 43. Ile kali itakufisha pua na utaihukumu nyingine bure. Zisawazishe kwanza. Mililita 20 zidisha kwa 58, gawa kwa 43, unapata 27: basi ongeza mililita 7 za maji. Bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yake, hupima vizuri. Tumia maji ya chupa, maana ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi na yatabadilisha kila kitu.

Bilauri iwe nyembamba mdomoni, imesuuzwa kwa maji matupu. Sabuni ya limau hukaa kwenye kioo. Siku hiyo usijifukize udi. Funika kwa kisahani dakika kumi, kisha iweke chini ya kidevu, mdomo wazi kidogo, uvute pumzi fupi fupi. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako. Ukisikia karafuu, hujakosea: yujinoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ya Pemba, hutoka pia kwenye mti wa mwaloni uliochomwa ndani ya pipa. Ukisikia Dettol, makumbi yanayofuka au ng'onda, huo ni moshi wa Islay, sema hivyo hivyo. Mwisho mwaga, acha bilauri tupu hadi asubuhi, unuse tena. Pombe imeshatoka; mti na moshi vimebaki, na mara nyingi tofauti huonekana wazi zaidi hapo.

Pua haitakwambia uzito mdomoni, wala ladha inadumu muda gani baada ya kumeza. Hayo muulize mwenzako anayekunywa, uyaandike.

Mgeni hapa Nungwi kasema wiski yetu ni ya bandia kwa sababu ilichafuka ilipotiwa barafu. Kweli?

Si kweli, na usimrudishie pesa. Wiski isiyochujwa kwa baridi, yaani haikupozwa na kuchujwa kabla ya kutiwa chupani, ina mafuta mepesi yanayoyeyuka vizuri pombe ikiwa asilimia 46 au zaidi. Ukiipoza au kuitia maji, mafuta hujitenga na kuleta ukungu. Wengi wanaonunua mapipa na kutia chupani wenyewe huacha kuchuja makusudi, wakiamini mafuta hayo yana ladha. Ila kagua barafu yako: ikiwa imetengenezwa kwa maji ya bomba yenye chumvi, lawama nyingine ni yenu.

Chupa ya bei kubwa ikibaki robo kwa miezi kadhaa, mbona inapooza?

Hewa. Chupa ikishuka chini ya nusu, hewa iliyomo ndani ni nyingi kuliko wiski, na harufu nyepesi za matunda hutangulia kupotea. Joto la kaunta ya ufukweni huharakisha, na jua huua zaidi. Hamishia robo hiyo kwenye chupa ndogo safi ijae hadi shingoni, uandike jina na tarehe. Weka ndani, kabati lenye kiza, chupa zikiwa zimesimama. Zikilazwa kama za mvinyo, pombe kali hula kizibo cha gome na wiski hunuka gome. Kizibo kikikauka, hukatika siku ya kufungua. Kichujio cha chai kitaokoa wiski, kizibo kingine chukua kwenye chupa tupu ya ukubwa huo huo. Friji haihitajiki. Na kama chupa kali huwa haiuzwi kwenu, agizeni ya asilimia 46: wageni wengi huimaliza kabla haijapooza.