Usingoje upate jibu ndio uongee na watu wa wadi

Nilifanya kazi kwa ofisi ya wadi moja hapa Eastlands kutoka 2017 mpaka uchaguzi wa Agosti 2022. Wadi yenyewe sitaitaja. Kwa barua niliandikwa mtu wa kupokea wageni lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mtu wa meseji, yaani chochote mheshimiwa (MCA, mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti) alitaka wakaazi wajue kilipitia kwa simu yangu, na chochote wakaazi walitaka mheshimiwa ajue kilipitia hapo hapo, wakati mwingine saa sita usiku. Sasa naona vijana wanaajiriwa kwa ofisi kama hizo na wengine wanajipanga kusimama 2027, na kila anayeniuliza nampa kitu kimoja kabla ya vingine vyote: ongea na watu hata kama hujapata jibu.

Hii nilifunzwa na maji.

Kama unaishi Nairobi unajua maji yetu mengi yanatoka Ndakaini huko Murang'a, na bomba kubwa likiharibika mahali njiani sisi wa huku ndio tunakauka. Kuna mwaka mifereji ilikauka Jumapili, Jumatatu simu zikaanza. Mheshimiwa akasema tungoje kwanza aongee na wahusika apate jibu kamili, hataki kuonekana hajui, na mimi nikanyamaza vile nilivyoambiwa. Jumanne kimya, Jumatano kimya. Kufika Alhamisi mtungi wa lita 20 uliokuwa ukiuzwa bob 20 ulikuwa umefika 50 na wenye mikokoteni wanachagua wa kumuuzia. Ijumaa asubuhi nikapata kina mama karibu 30 wamekaa kwa geti ya ofisi na mitungi mitupu. Nikatoka nikaanza kueleza kwamba sisi hapa hatuna maji, ofisi yenyewe haina hata tangi, na mama mmoja mzee anayeuza githeri karibu na steji akanikatiza. Akaniambia, "Kijana wangu, sikuja kutafuta maji kwako. Nimekuja uniambie yatakaa siku ngapi, ndio nijue kama nitaloweka maharagwe ama niache."

Nilikosa la kusema. Huyo mama Jumatatu alikuwa bado na pesa za kununua mitungi kumi kwa bei ya kawaida, na kama ningemwandikia tu kwamba bomba limepasuka na hatujui litatengenezwa lini, angejipanga, kwa sababu mtu wa biashara ndogo anajua sana kujipanga ukimpa kitu cha kupangia. Tulidhani tunamwokoa mheshimiwa na aibu kumbe tulikuwa tunatoa pesa kwa mfuko wa mama wa githeri tukipatia mwenye mkokoteni.

Kutoka hiyo wiki nikaomba ruhusa ya kuandika kila jioni maji yakipotea, kuwe na jipya kusiwe na jipya. Mheshimiwa hakupenda mara ya kwanza, na siku za kwanza kweli tulitukanwa, watu wakauliza mnatuandikia hamjui ya nini. Lakini simu za usiku wa manane zilipungua na hakuna mtu alikuja tena kukaa kwa geti. Meseji yenyewe ilikuwa hivi: "Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Maji hayapo kuanzia kanisani mpaka ploti za nyuma ya soko. Bomba limepasuka, mafundi wameonekana leo mchana. Hatujui yatarudi lini. Tutaandika tena kesho saa hizi." Basi, hivyo tu. Angalia imetaja mahali kwa majina ambayo watu wanatumia. Ukiandika "baadhi ya sehemu za wadi" umeandika hewa, kwa sababu kila mtu anauliza kama yeye yuko kwa hizo sehemu na unapigiwa simu 200. Na hiyo "tutaandika tena kesho saa hizi" usiiweke kama hutaandika, bora uitoe kabisa. Siku moja nilisahau nikalala mapema, na asubuhi nikapata watu wanasema ofisi imenunuliwa na wenye maboza, yale malori ya kuuza maji.

Kitu kingine, grupu ya WhatsApp si wadi. Wakati huo grupu moja ilikuwa inabeba watu 256 peke yake, wadi iko na maelfu, na ukichunguza hao 256 ni walewale, landilodi, wanaotaka kusimama, marafiki wa mheshimiwa, na watu wawili watatu ambao kazi yao ni kubishana mpaka wengine wanatoka. Mwenye kabambe, ile simu ndogo isiyo na WhatsApp, hayuko, aliyeishiwa bando hayuko, mlinzi wa usiku amelala saa ile mnaandika. Nilianza kuchapisha karatasi moja kila wiki, maandishi makubwa, Kiswahili, tarehe juu, nikabandika kwa posho mill, kwa steji, kwa kinyozi, na nakala moja kwa kila mama mboga aliyekubali. Msikitini nilipeleka kabla ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumamosi jioni. Wenye kunisaidia zaidi walikuwa mama mboga na walinzi, manake hao wanaongea na kila nyumba kila siku na hakuna anayewashuku ni wa chama gani. Ila uwe unazunguka kutoa karatasi zilizopitwa. Nilikuta mzee amesafiri na matatu mbili kwenda mkutano ulioisha wiki iliyopita kwa sababu notisi yangu ilikuwa bado iko kwa ukuta, na alikuwa mtu wa kutembea na mkongojo.

Halafu kuna uvumi. Hii niliona vizuri zaidi nikiwa tayari nimeacha hiyo kazi, mvua ya masika ya 2024. Serikali ilikuwa imeamuru walio kando ya mito wahame, kila mahali watu wanaongea mambo ya mita 30 kutoka mtoni, nyumba Mathare na Mukuru zinabomolewa, na kwetu ikaanza kuzunguka sauti ya mtu hajulikani ni nani anasema tingatinga zinakuja kesho alfajiri kwa laini yetu, yaani safu yetu ya nyumba. Jirani yangu aliuza mabati yake usiku huo huo kwa bei ya kutupa. Tingatinga hazikuja, laini yake haikuwa hata karibu na mto. Ofisi ya wadi iliweka taarifa ya kukanusha, siku mbili baadaye, kwa barua ya Kiingereza yenye nembo, imepigwa picha haisomeki kwa simu ndogo. Sasa mtu ameogopeshwa kwa sauti ya Kiswahili cha mtaani halafu unamtuliza na barua ya Kiingereza, wapi na wapi? Uvumi ukija kwa sauti, jibu kwa sauti. Mheshimiwa mwenyewe achukue simu, aseme jina lake, aseme leo ni tarehe gani, aseme laini gani zimetajwa kwa notisi na laini gani hazimo, na kama hajaona notisi yoyote aseme hajaona na ameuliza nani. Dakika moja inatosha. Watu wanaijua sauti yake, waliisikia miezi mitatu kwa spika za kampeni.

Shida kubwa ya hiyo ofisi ilikuwa watu kutojua kazi ya MCA ni gani, na sisi wenyewe tulichangia kwa kukubali kila kitu. Mtu anakuja na shida ya kitambulisho, hiyo ni ya chifu na serikali kuu. Mwingine darasa la shule ya msingi, hiyo ni ya serikali kuu na mara nyingi inapitia pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kwa mbunge. Taka, mitaro, soko, zahanati, chekechea, taa za barabarani, hizo ndio za kaunti. Na hata za kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inasema MCA hafanyi kazi za utendaji, yeye ni wa kuongea na wakaazi mara kwa mara, kupeleka maoni yao bungeni na kuwaunganisha na huduma. Ukisoma hiyo sheria unaona kujulisha watu si hisani ya mheshimiwa, ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2020 kazi zingine za kaunti zilipopelekwa NMS, ofisi ya serikali kuu ya kusimamia huduma za Nairobi, ndio kukawa kuchanganyikiwa kabisa, mtu anatumwa City Hall kwa ofisi kuu ya kaunti, anarudishwa, anatumwa tena. Nilichora karatasi moja, upande huu shida, upande ule nani wa kuona na ofisi yake iko wapi, nikaibandika mlangoni. Foleni ilipungua nusu, na wale waliobaki kwa foleni walikuwa na shida ambazo kweli tungesaidia.

Bajeti sasa. Hapa nakasirika kidogo. Mikutano ya kutoa maoni inatangazwa kwa gazeti, kitabu ni kikubwa kama Biblia, mkutano uko katikati ya wiki saa nne asubuhi wakati watu wako Industrial Area wanatafuta riziki, halafu wakaazi wakikosa kuja wanaambiwa hawajali. Katiba kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na lishirikishe watu, na kushirikisha hakuanzi siku ya mkutano. Nilichokuwa nafanya ni kutafuta kurasa zinazotaja wadi yetu, mara nyingi ni mbili tatu peke yake, naandika kwa Kiswahili: barabara hii, pesa hizi, ilikuwa pia kwa bajeti ya mwaka jana haikufanywa. Hiyo laini ya mwisho ndio ilijaza ukumbi. Na ujue tarehe. Watu wengi wanaamka Juni kwa sababu bajeti lazima ipitishwe kabla ya 30 Juni, lakini makadirio yanafika bungeni kufikia 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaotangulia bajeti yenyewe, unafika kufikia 1 Septemba mwaka uliotangulia. Kama unataka taa kwa njia ya nyuma ya shule, anza kupiga kelele Julai, Agosti uwe umeandika. Ofisi ya wadi inayopenda watu wake inawaambia hivyo Julai.

Bursari nitasema kidogo. Bandika orodha, watu waone nani amepata na shule gani imelipwa, maneno yataisha. Lakini usiandike sababu. Mara moja orodha yetu ilikuwa na safu ya "yatima" na mimi nikaipiga picha nikaituma vile ilivyo, na nyanya ya msichana mmoja alikuja akaniuliza kwa upole kwa nini nimetangazia mtaa mzima. Nilimwomba msamaha hapo na nikamwomba tena baadaye. Namba ya kuandikishwa shuleni na pesa ngapi, inatosha.

Na uwe na kaunta buku. Kila malalamiko yapate namba, tarehe, nani ameleta, tumepeleka wapi, imefika wapi. Mwisho wa mwezi mheshimiwa asimame kwa baraza asome, hata zile ambazo hazijasonga. Wetu aliogopa hiyo mara ya kwanza, sauti ilikuwa inatetemeka, alisoma namba 14 ya mtaro na akasema nimepeleka mara tatu sijajibiwa, na wazee wakamwambia basi tupe nakala tukusindikize.

Sasa kwa wewe mkaazi ambaye ofisi yako imenyamaza. Usimalizie hasira kwa grupu. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016, na inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, huhitaji wakili wala kueleza sababu yako. Andika swali moja ama mawili yanayojibika. Usiulize pesa za wadi zimeenda wapi, uliza barabara kutoka soko mpaka zahanati ilitengewa pesa ngapi mwaka huu wa fedha, nani alipewa kazi, na inapaswa kuisha lini. Toa nakala mbili, peleka mwenyewe, yako igongwe muhuri na tarehe. Wana siku 21. Kama ni jambo la maisha ya mtu ni saa 48. Wakikataa ama wakinyamaza unaandikia Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, hakuna malipo.

Mimi mwenyewe nimeifanya mwaka jana, sasa nikiwa katibu wa muungano wa wakaazi wa laini yetu, niko upande ule mwingine wa kaunta. Msichana aliyenipokea alisoma barua polepole, akauliza kama niko na shida na mheshimiwa, nikamwambia sina, niko na shida na mtaro. Akagonga muhuri. Siku ya 19 akanipigia simu nije nichukue jibu, ukurasa mmoja, jina la kontrakta liko, pesa ziko, tarehe ya kumaliza iko. Nikatoa fotokopi tano nikapeleka ya kwanza kwa posho mill.