Chembe ya mshale ya bronzi, angalia kitako kwanza

Ndugu uliyeuliza utajuaje chembe ya mshale ya bronzi ni ya wapi, anza na kitako kabla hujaangalia ncha. Kama kuna tundu la kuingizia uti wa mshale na mabawa matatu (makali yanayochomoza pembeni), wakati mwingine na kimwiba kidogo pembeni, hiyo ni ya staili ya Waskithia (wafugaji wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi), kama karne ya 7 mpaka ya 3 KK, na zinapatikana sana Ukraine, kusini mwa Urusi na Kazakhstan. Ila usikimbilie kusema mpigaji alikuwa Mskithia maana staili hiyo majeshi mengi waliichukua, ndo mana imetoka hata Jerusalem kwenye tabaka la majivu la 586 KK mji ulipochomwa na Wababeli. Kama haina tundu ina mkia mwembamba wa kuchomeka, bapa kama jani na mgongo katikati, hapo fikiria Iran au Oman. Na Oman wana kitu kizuri mno, Mudhmar karibu na mji wa Adam walikuta podo ndogo za bronzi pekee na mishale yake ndani, si za vita kabisa, huenda ni za ibada.

Kutu ya kijani ikitoka kwa kucha, ina mashaka hiyo, huenda ni ya kughushi. Na tafadhali usiisugue na ndimu! Halafu kama uliiokota mwenyewe andika ulipoitoa, bila mahali inabaki kipande cha bronzi tu.