Viwavi weusi wenye miiba myeupe kwenye mjunju: usiwapulizie dawa

Mkuu uliyeuliza kuhusu viwavi weusi wanene wanaomaliza majani ya mjunju nje ya nyumba yako hapa Dodoma, na majirani wanakwambia uwachome moto kabla watoto hawajadhurika: tafadhali weka kiberiti chini kwanza. Mimi nafuga nyuki porini upande wa Manyoni, na nyumbani nina mijunju pia. Hawa wadudu nawaona kila msimu wa mvua.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mwili mweusi, miiba minene myeupe, madoa mekundu ubavuni, huyo ni kiwavi wa nondo mkubwa (mdudu anayefanana na kipepeo, anayeruka usiku) ambaye jina lake la kitaalamu ni Bunaea alcinoe. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara na anakula majani ya miti ya aina nyingi. Hayo madoa mekundu ni matundu ya kupumulia. Miiba yake haina sumu wala haiwashi. Mtoto akimshika hadhuriki. Wa kuwaepuka hasa ni viwavi wenye manyoya laini, maana manyoya ya baadhi yao huchoma ngozi na kuwasha sana. Watu wanawachanganya hao wawili, na asiye na kosa ndiye anayeunguzwa.

Sasa maisha yake. Mvua zetu zinapoanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, nondo wanatoka ardhini usiku, wanapanda kwenye shina au ukuta, wananing'inia mpaka mabawa yanyooke na kukauka. Ni wakubwa kweli, mabawa yakitandazwa yanaweza kufika sentimita 15. Rangi ni kahawia yenye wekundu na mistari myeupe, na kwenye bawa la nyuma kuna doa la rangi ya chungwa mfano wa jicho. Ukimgusa anafunua hilo jicho ghafla, na ndege anayetaka kumdonoa anashtuka.

Nondo huyu hali chochote. Sehemu zake za mdomo hazifanyi kazi, kwa hiyo anaishi siku chache tu kwa mafuta aliyojiwekea mwilini alipokuwa kiwavi. Kazi yake ni kuzaa. Jike anatulia mahali, anatoa harufu, na dume anaifuata kutoka mbali kwa vipapasio vyake vipana, zile pembe mbili za kunusia kichwani. Jike anataga mayai kwa mafungu kwenye majani. Viwavi wakianguliwa wanakaa kundi moja, wanajivua ngozi mara kadhaa, na kadiri wanavyokua wanatawanyika mti mzima. Aliyekomaa anafika kama sentimita 10.

Kaa chini ya huo mjunju jioni pakiwa pametulia. Utasikia kinyesi chao kinadondoka kwenye majani makavu kama manyunyu. Okota kimoja ukitazame: punje nyeusi, ngumu, yenye mifereji iliyonyooka ubavuni. Hiyo ni mbolea inarudi kwenye shina lile lile, usiifagie.

Kinachosahaulika ni kinachofuata. Kiwavi aliyeshiba anateremka, anatembea chini akitafuta udongo laini, anajichimbia. Hafumi kifuko cha hariri. Anatengeneza chumba kidogo udongoni na kugeuka pupa humo, ile hatua ya kutulia kati ya kiwavi na nondo. Hapo ndipo anapokaa kiangazi chote, miezi ile ambayo Dodoma haioni tone. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya nondo huyu inapita chini ya ardhi, hatua chache kutoka kwenye shina. Ndiyo maana mimi naona pevingi inayomwagwa mpaka shinani inamwangamiza kuliko hata dawa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 viwanja vimejaa haraka, na kila nyumba mpya inafunika ua wote na kuwasha taa kali usiku kucha. Nondo wanazunguka taa badala ya kutafutana, na asubuhi wanaishia kwa kuku.

Mti hautakufa. Mjunju mkubwa ukiliwa majani katikati ya mvua unachipua tena, kwa sababu unyevu bado upo. Kama ni mche mdogo, hapo sawa, watoe kwa mkono uwahamishie kwenye mjunju mkubwa. Ukipuliza sumu unaua pia nyigu na nzi wanaotaga juu au ndani ya viwavi, na hao ndio wanaowazuia wasizidi. Unaua nyuki. Kuku na hondohondo nao watakula viwavi wenye sumu. Kuna watu pia, hasa Kongo na Zambia, kwao kiwavi huyu ni chakula. Kiwavi aliyepuliziwa asifike jikoni kabisa.

Mvua zijazo zikikaribia, zima taa ya nje ukienda kulala, au weka ya mwanga wa njano inayoangalia chini. Na fundi wa pevingi akija, mwambie aache udongo wazi kuzunguka shina, upana wa kivuli cha mti kama nafasi inaruhusu. Ukimkuta nondo ukutani, mpige picha uitume hapa; vipapasio vikionekana kwa karibu tutajua ni dume au jike, maana vya dume ndivyo vipana.