Sauti Ikipasuka, Tafuta Ilipopasukia

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kurikodi kasida za vijana wa madrasa, chumbani kwangu Michenzani, madirisha tumeyaziba kwa magodoro na pangaboi tumelizima. Joto la siku ile usiulize. Nilipowasikilizisha, kila dufu lilipolia sauti ilikwaruza kama redio yenye betri zilizochoka. Nikaishusha kwenye programu. Ikaendelea kukwaruza, ila kwa upole.

Wewe unayeanza, jua hilo kabla ya jengine: sauti iliyopasuka wakati inaingia, kuipunguza baadaye hakuiungi. Kompyuta ina dari yake, desibeli 0 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na kinachozidi hapo kinakatwa. Fungua rikodi yako kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, likuze wimbi la sauti kwenye skrini mpaka ulione moja moja. Lililo zima lina mgongo wa mviringo. Lililopasuka limekatwa bapa kama meza.

Sasa tazama vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Wimbi likiwa bapa na limegusa dari, sauti imezidi kwenye kompyuta. Likiwa bapa lakini liko chini ya dari, basi imeshapasuka huko nyuma, kwenye maiki au miksa (mashine ya kuchanganya sauti), kisha mtu akaipunguza njiani. Utahangaika na programu usiku kucha na ubovu haumo humo. Na kama wimbi ni zima kabisa, cheza faili hilo kwenye simu ya mwenzako. Likisikika safi, mbovu ni spika yako. Mimi nimewahi kufuta rikodi nzima kwa kosa la spika.

Kwangu mimi siku ile dari iliguswa. Kumbe ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya maiki, kuna nyongeza ya nguvu inayopanda desibeli 10, 20 mpaka 30, na yangu ilikuwa 30. Irudishe 0, na viboresha sauti vyote vizime.

Ukitumia miksa, angalia tundu unalochomeka. Sauti itokayo kwenye miksa huishinda ya maiki mara mia na zaidi. Ukiitia kwenye tundu la maiki la laptopu, itapasuka hata ukiwa umeshusha kila kitu kwenye skrini. Mimi naona bora ujinyime ununue kile kidude cha sauti cha kuchomeka USB, chenye matundu ya kazi hiyo.

Kupima sauti nako kuna ujanja. Usimwambie mwimbaji ahesabu moja, mbili, tatu. Atahesabu kwa adabu, halafu kasida ikishakolea anapaza mara mbili ya pale. Mwambie aimbe kiitikio chenyewe, dufu lipigwe kwa nguvu zote, kisha rekebisha mpaka kilele kicheze karibu na desibeli -12, yaani 12 chini ya dari. Usiogope kuwa ni ndogo. Ukirikodi kwa biti 24, kipimo cha ubora unachokichagua kwenye programu, utaipandisha baadaye bila mvumo wa kukusumbua.

Ukisikia tak-tak za hapa na pale, hiyo siyo sauti kuzidi, kompyuta imeelemewa. Kwenye mipangilio ya programu ongeza bafa, yaani akiba ya sauti inayoipa kompyuta nafasi ya kupumua, kutoka 128 hadi 512, ufunge na intaneti. Mngurumo mzito usiokatika, mara nyingi ni umeme wetu wa hezi 50: chomoa chaja, urikodi kwa betri. Ukinyamaza, mchawi umeshampata.

Wale vijana niliwaita tena, safari hii baada ya Isha ili tusiingiliane na adhana. Maiki ile ile, waya ule ule. Dufu nililirudisha hatua tatu nyuma, waimbaji nikawasogeza mbele. Kilichoingia kisichotakiwa ni honi ya vespa tu, ubeti wa tatu, nao tukaurudia.