Magazine ya kusoma na magazine ya baruti

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Tanga. Katika kitabu cha historia cha Kiingereza nimesoma kwamba meli ya vita ililipuka baada ya "magazine" yake kushika moto, na kamusi yangu ndogo inasema neno hilo maana yake ni jarida. Jarida linawezaje kulipua meli?

JIBU: Kamusi yako imekupa tawi ikaacha shina. "Magazine" ya meli ni ghala la baruti na makombora, na maana hiyo ya ghala ndiyo ya kwanza.

Asili yake ni neno la Kiarabu "makhzan", yaani mahali pa kuhifadhia vitu, linalotokana na kitenzi "khazana", kuweka akiba. Itazame silabi ya mwanzo: ni "ma" ile ile ya kuonyesha mahali iliyomo katika madrasa, maktaba na mahakama, maneno ambayo sisi watu wa pwani tunayatamka kila siku bila kuyafikiria. Hazina na mhazini nayo ni ya mzizi huo. Waitaliano walilichukua wakasema "magazzino", Wafaransa wakalifanya "magasin", ambalo kwao leo ni duka, na Waingereza wakalipokea katika karne ya 16 wakimaanisha ghala.

Maana ya kusoma ilikuja mwaka 1731, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine jijini London, akikusudia liwe ghala la habari na makala zilizokusanywa kutoka huku na huku. Jina la chapisho moja likageuka jina la machapisho yote ya aina hiyo. Kwenye bunduki, ni kile kikasha kinachohifadhi risasi zinazosubiri kupigwa.

Basi sentensi yako itafsiri hivi: "Meli ililipuka baada ya ghala lake la baruti kushika moto." La bunduki liite magazini, kama wasemavyo askari wetu, na la kusoma liite jarida. Wapo wanaosema gazeti, nami siwalaumu, kwa kuwa hata Kiongozi, lililochapishwa hapa hapa Tanga zama za Wajerumani, huitwa gazeti ingawa lilitoka kila mwezi. Hazina, pamoja na undugu wake wote, usiitumie hapo, maana katika Kiswahili imekwisha kufungamana na mali na vitu vya thamani.