Maji ya uwatu na sukari ya kupanda

Swali lilikuwa: maji ya uwatu asubuhi yanashusha sukari kweli? Yanasaidia kidogo, lakini wengi wanakunywa maji na kutupa mbegu, na hapo ndipo wanapokosea. Kinachofanya kazi zaidi ni ule ute unaoteleza, yaani nyuzinyuzi (galaktomanani) zilizomo ndani ya mbegu. Unafanya chakula kuwa kizito tumboni, hivyo sukari inaingia kwenye damu polepole.

Loweka kijiko kimoja cha chai (takriban gramu 4) kwenye glasi ya maji usiku kucha, kisha kula mbegu pamoja na maji yake, wakati wa mlo wenye wanga. Ukinywa saa tatu kabla ya ugali, hausaidii ugali huo. Anza na nusu kijiko, la sivyo gesi na kuharisha vitakukatisha tamaa. Jasho na mkojo kunukia uwatu ni kawaida.

Pima sukari ya damu kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, ndipo utajua kama unakufaa.

Unatumia glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) au insulini? Mwambie daktari kwanza, maana sukari inaweza kushuka mno. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Wajawazito, wanaotumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na wenye mzio wa karanga au dengu wasiuguse kama dawa. Na usiache vidonge vyako.