Mwaka 1780 kwenye riale ya bibi usikudanganye

Bibi mzaa mama alituachia kidani cha riale moja kubwa, sarafu ya zamani, nyeusi kama masizi, imechomelewa kipete cha kupitishia uzi. Upande mmoja kuna mwanamke mnene aliyejitanda ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Nikapiga hesabu ya miaka, nikajiona tajiri.

Nikaanza kwa kuharibu: niliisugua kwa ndimu na majivu mpaka upande wa tai ukang'aa kama kijiko cha dukani. Usithubutu. Ule weusi ni umri wa madini ya fedha, wakusanyaji wa sarafu wanautaka, na ukishautoa umeutoa. Kama ina uchafu, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha, kisha ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini.

Sonara niliyempelekea aliitupia jicho moja tu, akasema ni ya kuyeyusha, akataja bei. Nikairudisha mkobani.

Yule mwanamke ni Maria Theresia, mtawala wa Austria. Ushungi ni wa ujane, mumewe alifariki 1765. Mwenyewe alifariki 1780, na hapo ndipo wengi tunapopotea: sarafu yake iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule, kwa kuwa wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliizoea sura hiyo. Imepigwa Vienna, Rome, London, Paris, hata Bombay, na Austria wanaipiga mpaka leo. Kwa hiyo mwaka ule haukuambii kitu. Ya kwako inaweza kuwa ya zama za babu wa babu yako, au ikawa rika la baba yako.

Lakini kwanza ujue kama ni madini ya fedha kweli. Igeuze uitazame ukingoni, mahali ambapo watu hawatazami. Ya kweli ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na mapambo katikati ya maneno. Ukiona mshono umezunguka ukingo, au vitundu vidogo vidogo usoni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Chini ya kifua cha malkia tafuta herufi S.F.

Uzito wake ni gramu 28 na ushee, upana kama milimita 40. Kisha fanya hili, mimi lilinifurahisha kuliko yote: weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya kidijitali, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Mizani isome kama gramu 2.75. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Ukipata 10 na kidogo, ndiyo fedha ya riale, ambayo sehemu tano kwa sita ni fedha halisi. Ikitoka 8 au 9, una shaba iliyopakwa. Yangu pamoja na kipete ilikuwa gramu 29.3, majini 2.9. Nilirudia mara tatu, watoto wamenizunguka.

Mjuzi mmoja niliyemtumia picha alitazama mkia wa tai na bruchi, ile pini ya pambo begani mwa malkia, akanijibu kuwa ni ya upigaji wa baadaye, na kipete kimeishusha bei zaidi. Nikamuuliza kama nikikate. Akasema kovu litabaki palepale, niache.

Dada yangu aliivaa harusini mwezi uliofuata. Upande wa tai aliugeuzia kifuani.